Vijia vya tope nyuma ya Port Reitz vinavyofungwa kimoja kimoja

*Kila masika vijana wa Changamwe hupanda vilima vya Mazeras na Rabai kwa baiskeli, wakifuata njia zilizokanyagwa na wachukuzi wa nazi miaka mingi kabla ya lami. Reli, barabara kuu, yadi za makasha na nyua za mawe sasa zinazikata.*

Tairi la nyuma liligoma kuzunguka kabla ya kufika nusu ya mlima. Halikuwa limepasuka, wala cheni haikukatika. Udongo wa kijivu ulikuwa umejaa kati ya tairi na fremu, umeng'ang'ania kama ugali uliobaki kwenye mwiko, na kila mzunguko uliongeza tabaka jingine. Kijana aliyekuwa mbele alishuka, akaitia baiskeli begani, akaendelea kupanda kwa miguu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kundi dogo la waendesha baiskeli kutoka Port Reitz lilikuwa kwenye kijia kinachopanda nyuma ya Bonje kuelekea Mazeras. Njia hii wanaijua tangu wakiwa watoto wa shule. Wanajua mzizi wa mwembe unapokatiza, mtaro unapofurika, na mahali ambapo mlima hushika au huteleza.

Walipofika juu, njia iliishia kwenye ua. Nguzo mpya za saruji, nyaya za seng'enge, lango la mabati lenye kufuli. Upande wa pili kijia kilionekana wazi, kimekanyagwa hadi kikawa cheupe, kikiingia katikati ya minazi. Mama mmoja mwenye mtungi wa maji kichwani alikuwa akiuzunguka ua ule kwenye ukingo wa korongo, mkono mmoja umeshika nguzo asije akateleza.

Nilitumwa kuandika habari za mchezo. Lakini mchezo huu unachezwa juu ya ardhi ya watu, kwenye njia ambazo nyingi hazimo katika ramani yoyote ya upimaji, na hauwezi kuelezwa bila kuuliza njia hizo ni za nani.

Kutoka mikokoni hadi minazini

Port Reitz ni mtaa wa Changamwe unaotazama mkono wa bahari wenye jina hilohilo, kusini magharibi mwa kisiwa cha Mombasa. Jina ni la Luteni John James Reitz, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa na Kapteni William Owen mwaka 1824, wakati Wamazrui walipotaka bendera ya Waingereza iwakinge na Sultani wa Oman. Homa ilimuua mwaka huohuo.

Leo mtaa huo umebanwa pande zote. Kuna uwanja wa ndege wa Moi, kuna hospitali, kuna bandari ya Kipevu ambako kituo cha pili cha makasha kilianza kazi mwaka 2016. Mwaka uliofuata ikazinduliwa reli ya SGR, ambayo treni zake za mizigo huanzia hapa Port Reitz huku za abiria zikianzia Miritini. Barabara za mtaa huo zina matrela mchana na usiku.

Kwa hiyo anayetaka kuendesha baiskeli kwa raha huelekea bara. Hupita Magongo na Kwa Jomvu, akafika Miritini, kisha akaiacha lami na kuingia vijiani. Ndani ya saa moja au mbili mikoko ya Mwache imebaki chini kabisa, bahari imekuwa mstari wa kijivu, na harufu ni ya majani mabichi na moshi wa kuni. Vilima vyenyewe si virefu. Aliyezoea Kilimanjaro au Aberdare atavicheka akiviona kwenye ramani. Lakini vinapanda ghafla, vinashuka ghafla, na katika joto la pwani, unyevu ukiwa hewani hata kabla jua halijachomoza vizuri, kilomita chache zinatosha kumtoa mtu jasho la siku nzima.

Wengi wa waendeshaji hawa hawana baiskeli za duka. Wana za mtumba, zilizoingia kwa makasha katika bandari ileile inayoonekana kutoka mtaani kwao, zikauzwa zikiwa zimefungwa pamoja kwa kamba, kisha zikapita mikononi mwa mafundi wa kando ya barabara. Fremu huwa imetoka baiskeli moja, magurudumu ya nyingine, gia za ya tatu. Fundi mzuri wa Chaani au Magongo humfanya mtu asahau tofauti hiyo.

Tope lina asili yake

Waendeshaji huzungumzia udongo kama wavuvi wanavyozungumzia maji. Wana sababu, kwa kuwa katika safari moja hupita juu ya aina tatu za ardhi.

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wote wa mbele ya bahari umesimama juu ya mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha, maji huzama haraka. Ukivuka kuja Changamwe, Port Reitz na Miritini mambo hubadilika. Hapa chini kuna miamba laini ya tabaka, iliyokuwa matope ya sakafu ya bahari katika enzi ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Wataalamu wa miamba wamekusanya humo visukuku vya amonaiti, viumbe wa bahari wenye makombe yaliyojisokota ambao hawapo tena duniani.

Mwamba huo ukilowa hurudi kuwa tope. Udongo wake ni mfinyanzi, unanyonya maji, unavimba, unanata. Ukikauka hupasuka nyufa ambazo zinaweza kumeza tairi jembamba.

Ukifika Mazeras unakanyaga jiwe-mchanga, kongwe zaidi kuliko tope la Miritini. Ndilo hilo linalochongwa kuwa mawe bapa ya Mazeras, ambayo mafundi hupamba nayo kuta na baraza kote nchini. Linapitisha maji vizuri. Saa chache baada ya mvua njia ya juu huwa imara, hata yenye kunguruma chini ya tairi, wakati ile ya bonde bado ni uji.

> *Saa chache baada ya mvua njia ya juu huwa imara, wakati ile ya bonde bado ni uji.*

Maarifa ya njia hizi yamejengwa juu ya tofauti hiyo. Kwenye mfinyanzi mwendeshaji hupunguza upepo wa matairi ili yakanyage kwa upana. Hushika gia nyepesi kabla ya mlima, kwa maana ukibadilisha gia katikati ya tope cheni hukwama au hukatika. Hukaa kitini ili uzito ubaki kwenye gurudumu la nyuma, maana akisimama juu ya pedali gurudumu hupoteza mshiko na kuzunguka bure. Macho huyatupa mbali, mahali anapotaka kwenda. Anayelitazama shimo huingia shimoni.

Kwenye mteremko kanuni hugeuka. Uzito hurudi nyuma ya kiti, breki ya mbele huguswa kwa kidole kimoja, na mizizi hukatwa kwa pembe iliyo wima. Mzizi uliolowa ukiuvuka kwa ubavu hukuangusha kabla hujajua kilichotokea.

Halafu kuna gharama. Breki za kawaida zinazobana rimu huliwa na mchanga wa tope kwa kasi ya kutisha. Raba mpya zinaweza kwisha katika masika mamoja. Ndiyo sababu wengi hubeba kijiti cha kukwangua tope, kitambaa na kichupa cha mafuta ya cheni, na wakirudi mtaani huanza kuosha baiskeli kabla ya kuoga wenyewe.

Nimewatazama wakifanya hivyo kando ya bomba, wote wamelowa, wote wakisimulia kwa pamoja nani alianguka wapi. Kuna furaha pale ambayo kijana wa Changamwe haipati kwa urahisi kwingine. Mtaa wake umezungukwa na kuta za bohari na uzio wa bandari. Kule juu anaona hadi upeo wa macho.

Njia zilizotangulia magurudumu

Kabla ya baiskeli, vijia hivi vilikuwa barabara kuu. Wamijikenda waliteremka navyo kwenda Mombasa wakiwa na nazi, nafaka, sandarusi na pembe, wakarudi na vitambaa na shanga. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipanda navyo hadi Rabai, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaanzisha kituo chao cha misheni huko. Mwaka 1848 Rebmann alitoka Rabai kwa miguu kwenda Uchaga, ndiko alikouona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji, habari ambayo wanajiografia wa Ulaya waliikataa kwa miaka kadhaa.

Juu ya vilima zilikuwapo kaya, makao ya kale ya Mijikenda yaliyozungukwa na misitu minene yenye njia chache zinazojulikana. Misitu hiyo bado ipo. Zile za Rabai na za Waduruma ni miongoni mwa kaya zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008.

Baiskeli zilipokuja hazikuhitaji njia mpya. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, ilifuata nyayo za wachukuzi. Ilibeba nazi kwa magunia, mkaa, mitungi ya tembo kutoka kwa wagema wa Rabai, na wagonjwa pia. Bado utaikuta asubuhi, mwenyewe akiisukuma mlimani kwa sababu mzigo umezidi nguvu za miguu. Mara nyingi ndiye anayewaonyesha vijana wa baiskeli za gia upande usioteleza.

Kila mwenye haki na hoja yake

Wanaoziba vijia si watu wabaya, na suala hili likiandikwa kana kwamba ni wabaya halitatatuliwa.

Chukua mwenye kiwanja. Ardhi ya Miritini, Bonje na Mazeras imepanda thamani tangu reli na barabara mpya. Mtu amenunua kiwanja, ana hati, na hati haionyeshi njia yoyote. Akikiacha wazi, kesho atakuta mtu amechimba mawe au amejenga kibanda. Anaweka ua. Sheria inamtambua yeye, haimtambui mama mwenye mtungi wa maji.

Chukua reli na barabara. SGR inapita kwenye tuta refu na sehemu kubwa imezungushiwa uzio, jambo la lazima kwa treni za kasi ile. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza kutoka Miritini hadi Kipevu ilifunguliwa mwaka 2018, imeendelea kwa madaraja ya Mwache na Mteza na kuunganisha bara hili na pwani ya kusini bila kupitia kivuko cha Likoni. Ni kazi kubwa na yenye manufaa. Hata waendesha baiskeli sasa huota safari ya kuzunguka hadi Shimba Hills bila kupanda feri. Lakini tuta likikata vijia na kuacha kivuko kimoja cha chini, watu wote wa vijiji viwili hulazimika kupita hapo. Masika yakija kivuko hicho hujaa maji, kwa kuwa hapo ndipo pa chini kuliko pote.

Wakulima nao wana lao, na nadhani ndilo ambalo waendeshaji hawapendi kulisikia. Tairi la baiskeli likipita kwenye mfinyanzi uliolowa huacha mfereji. Likipita la pili na la tatu mfereji hushuka zaidi. Mvua inayofuata hufanya mfereji ule kuwa mto mdogo, na kijia cha kukanyaga kwa mguu mmoja hugeuka korongo linalokula ukingo wa shamba la mihogo. Pikipiki za bodaboda huharibu zaidi, hilo ni kweli, lakini bodaboda amebeba mzazi anayekwenda hospitali au mahindi yanayokwenda sokoni. Mwendesha baiskeli wa Jumapili amekuja kujifurahisha. Mkulima anaiona tofauti hiyo, na ana haki ya kuiona.

> *Bodaboda amebeba mzazi anayekwenda hospitali. Mwendesha baiskeli wa Jumapili amekuja kujifurahisha.*

Wazee wa kaya wana hoja nzito kuliko zote. Kaya ina milango yake na masharti yake: hukati mti, huokoti kuni ovyo, huingii bila ruhusa. Kijia kinachoonekana kizuri kwenye simu, chenye kivuli na mteremko wa kusisimua, kinaweza kuwa kinaelekea makaburini au mahali pa sala. Makavazi ya Taifa yana kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani tangu 1992 na kaya nyingi zimetangazwa rasmi kuwa kumbukumbu za taifa, lakini mlinzi halisi ni heshima. Waendeshaji wazoefu wa Port Reitz hushuka wakifika karibu na makazi, husalimu, huuliza kwa mzee kama njia ni ya kupita. Wageni wanaokuja na ramani ya intaneti hawajafundishwa hivyo.

Waliotutangulia

Ugomvi huu hautuhusu sisi pekee. Mchezo wenyewe wa baiskeli za milimani ulianza na kuzuiwa.

Katika miaka ya 1970, kaskazini mwa San Francisco, vijana wa kaunti ya Marin walichukua baiskeli kuukuu za matairi manene na kuteremka nazo mlima Tamalpais. Shindano lao la kwanza la kasi lilifanyika Oktoba 1976. Waliliita Repack, kwa sababu breki ya nyuma ilipata moto kiasi cha kuunguza grisi yote ndani ya kitovu cha gurudumu, na mtu akifika chini alipaswa kukifungua na kukijaza upya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, alitengeneza fremu iliyokusudiwa mchezo huo tangu mwanzo. Miaka 20 hivi baadaye mchezo uliingia Olimpiki, Atlanta 1996.

Lakini huko Marin kwenyewe, watembea kwa miguu na wapanda farasi walilalamika, na baiskeli zikapigwa marufuku kwenye vijia vingi vyembamba. Kutokana na ugomvi wa namna hiyo, mwaka 1988 waendeshaji wa California waliunda chama kilichokuja kuenea duniani, IMBA. Walianza kukarabati njia kwa mikono yao na kuandika kanuni, mojawapo ikiwa kutopita kwenye njia iliyolowa kiasi cha kuacha mfereji. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu wenye baiskeli kutumia njia za farasi mashambani kwa sharti moja: wampishe anayekwenda kwa miguu na aliye juu ya farasi.

Karibu na nyumbani kuna Kikuyu. Kwenye vilima vya udongo mwekundu vya Mai-a-Ihii, David Kinjah amekuwa akiwafundisha watoto wa kijiji kuendesha na kutengeneza baiskeli kupitia kundi lake la Safari Simbaz. Kijana mmoja wa Kizungu mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, aliletwa kwake na mama yake akiwa bado mdogo, na alijifunzia baiskeli kwenye njia zilezile za matope pamoja na vijana wa kijiji. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Baadaye, akiwa na leseni ya Uingereza, alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Watu hulikumbuka jina la Froome. Mimi nalikumbuka zaidi jambo jingine: kwamba mwalimu aliishi palepale kijijini. Wapita njia walimjua, watoto wao walikuwa wanafunzi wake. Njia zilibaki wazi kwa sababu waliozitumia kwa mchezo walikuwa majirani.

Tangu hapo mchezo umekua katika ukanda wetu. Mbio za changarawe za Maasai Mara zilianza 2021, zikiongozwa na ndoto ya kuwapa Waafrika wa Mashariki nafasi ya kushindana nyumbani na wakali wa dunia. Nahodha wa timu ya Amani, Suleiman Kangangi, alifariki akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022, na msiba ule uliwagusa waendeshaji wa nchi nzima. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani. Kijana wa Port Reitz ameyaona hayo yote kwenye simu yake. Mahali pa kufanyia mazoezi ndipo panapopungua.

Njia ikizibwa, mtu huenda wapi?

Hapa ndipo suala linapotoka kwenye michezo. Kijia kikifungwa nyuma ya Bonje, safari haifi. Huhamia barabara kuu ya Mombasa–Nairobi.

Mtoto anayekwenda shule, mchuuzi wa nazi, mwendesha baiskeli, wote huteremka kwenye ukingo wa lami ambako matrela yanapishana na matatu. Mara nyingine ukingo wenyewe haupo. Kuna lami, kuna mtaro, basi. Miaka nenda miaka rudi, waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani Kenya. Kila kijia kinachozibwa kinaongeza watu katika kundi hilo, na hakuna anayeandika popote kwamba ajali ya barabarani ilianzia kwenye ua wa kilimani.

> *Hakuna anayeandika popote kwamba ajali ya barabarani ilianzia kwenye ua wa kilimani.*

Kwa sababu hiyo nawaambia waendeshaji wazi: mkienda kwa kaunti kudai vijia vya mchezo, mtashindwa, na mtastahili kushindwa. Haki yenu inasimama juu ya haki ya anayetembea. Yeye alikuwapo kwanza, yeye ndiye mwenye shida kubwa zaidi, na yeye akipata njia nanyi mmepata.

Sheria ipo, ombi halipo

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu haki ya umma ya kupita. Inaruhusu njia kutambuliwa kuwa ya jamii hata ikipita juu ya ardhi ya mtu binafsi. Serikali ya kaunti, chama, au kundi la watu linaweza kupeleka ombi kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Mwenye ardhi hupewa notisi, husikilizwa, na sheria inatambua fidia.

Ni utaratibu mrefu, na njia za hapa zina tatizo la ziada. Mwendeshaji anaanza kaunti ya Mombasa, anafika Mazeras ambako Kilifi na Kwale zinapakana, na akiendelea Rabai yuko Kilifi kamili. Kijia kimoja, kaunti tatu. Kila moja ina idara yake ya ardhi na mpango wake wa matumizi ya ardhi, na kila moja inaweza kusema kwamba kipande kilichozibwa ni cha jirani.

Lakini waendesha baiskeli wana kitu ambacho mama wa maji na mchuuzi wa nazi hawana. Wana simu zinazorekodi njia kila wanapopita: mahali, urefu, mwinuko, tarehe. Kumbukumbu za miaka kadhaa zikikusanywa pamoja ni ushahidi kwamba njia imetumika mfululizo na umma. Ramani huria ya OpenStreetMap inamruhusu yeyote kuchora kijia na kukieleza, na wapimaji na mashirika huitumia. Sharti lake hapa ni kwamba njia za ndani ya kaya zisichorwe kamwe bila idhini ya wazee.

Jambo la pili wanaloweza kulifanya bila kumwomba mtu ruhusa ni kuacha kupita bondeni siku za mvua kubwa. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi pwani. Katika wiki zake mbaya, mfinyanzi wa Miritini na Bonje uachiwe wenye miguu, na waendeshaji wapande kwa lami hadi Mazeras waanzie kwenye jiwe-mchanga. Watapoteza sehemu ya utamu, nakubali. Kupambana na tope ni nusu ya mchezo. Bado wana mteremko wa Rabai, ambao masika hayawezi kuushinda.

Na palipokwisha kuchimbika, majembe. Mfereji mdogo uliochimbwa kwa mshazari kila hatua ishirini hutoa maji njiani kabla hayajapata nguvu, na mawe bapa, ambayo Mazeras haiyakosi, yakipangwa mahali pa utelezi humfaa mtembea kwa miguu mwaka mzima. Mkulima aliyemwona kijana akijaza korongo kando ya shamba lake atakuwa wa kwanza kutia sahihi kwenye ombi la njia. Mwenye kiwanja naye huenda akakubali kuusogeza ua hatua mbili tatu kwa hiari, bila Tume kufika, akijua njia itatunzwa na kwamba kuna watu wa kuwauliza ikiharibika.

Upimaji wenyewe unafaa kufanywa kati ya Agosti na Septemba, kusi ikiwa imekausha udongo na vuli haijaanza. Nyayo huonekana vizuri wakati huo, na machifu wa pande zote tatu wanaweza kuitembea njia pamoja, kutoka Miritini hadi Rabai, bila kuvua viatu.